Mchanga Hautoshi Kuelezwa kwa Tarakimu Moja

Atembeaye ufukweni maji yakupwapo huona jambo la ajabu: mahali akanyagapo, mchanga uliolowa hukauka ghafla kandokando ya unyayo wake. Mwaka 1885 Osborne Reynolds, mtaalamu wa Uingereza, alieleza sababu yake. Chembe za mchanga ulioshikamana haziwezi kusogea bila kupandana. Zikipandana, nafasi baina yake huongezeka, na maji ya juu huzama ndani. Mchanga uliolegea hutenda kinyume. Ukisukumwa husinyaa, na maji yaliyomo, yakikosa pa kutokea, huupokea mzigo uliokuwa ukibebwa na chembe. Hapo ardhi hugeuka kuwa uji.

Hayo ndiyo yaliyoupata mji wa Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964. Tetemeko la ardhi lilipopita, majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho yaliinama, na moja likakaribia kulala kabisa, ilhali kuta zake hazikuharibika sana. Udhaifu haukuwa katika saruji wala nondo, bali katika mchanga uliokuwa chini yake.

Hata hivyo, wako wahandisi ambao bado huuingiza mchanga katika hesabu za kompyuta kana kwamba ni mpira. Hutaja tarakimu moja ya ugumu, kisha hupokea jibu lenye desimali nyingi. Jibu hilo halisemi kama mchanga utatanuka au utasinyaa, na hilo ndilo swali la kwanza. Nadharia ya kulijibu ipo: mwaka 1958 Roscoe, Schofield na Wroth wa Cambridge walieleza kwamba udongo ukiendelea kulazimishwa kuteleza hufikia hali moja ambapo ujazo wake haubadiliki tena. Yapasa kupima mchanga uko upande upi wa hali hiyo.

Husemwa kwamba kupima mchanga mahali ulipo ni kazi ngumu na ya gharama. Ni kweli, kwani ukichimbuliwa tu mpangilio wa chembe huvurugika. Lakini bwawa la mabaki ya mgodi lililobomoka Brumadinho, Brazili, mwaka 2019, lilikuwa na mabaki yaliyolegea na kulowa, na watu wapatao 270 walipoteza maisha. Kwa hiyo hesabu yoyote ya msingi au ya bwawa isipokelewe kabla ya vipimo vya mchanga wenyewe kuwekwa mezani.