Maji yaliyoondolewa rangi bado yanaweza kuua shamba

Kila inapojadiliwa habari ya kuongeza thamani ya pamba ya Kanda ya Ziwa, hoja kubwa huwa ni bei na ajira. Ni hoja nzuri, kwani sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania bado huuzwa nje bila kusokotwa. Lakini baada ya kusokota na kufuma huja kazi ya kutia rangi, ambayo hula maji mengi na kisha kuyamwaga kwa jirani.

Jirani huyo mara nyingi ni mkulima. Wakulima wa bonde la mto Noyyal, kusini mwa India, wanalijua hilo. Bwawa la Orathupalayam lilikamilika mwaka 1992 kwa ajili ya umwagiliaji, likageuka karo la maji machafu ya viwanda vya rangi vya Tiruppur, mji mashuhuri kwa fulana za kuuza nje. Mashamba na visima vikaingia chumvi, wakulima wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda zaidi ya 700 vifungwe hadi vitakapoacha kabisa kumwaga maji hayo.

Watafiti wa vyuo vikuu wameandika mno kuhusu kuondoa rangi kwenye maji: kwa mkaa wa vifuu vya nazi, kwa pumba za mpunga, hata kwa mbegu za mlonge. Ndani ya chupa ya maabara maji huwa meupe kweli. Tatizo ni kwamba kilichowatesa wakulima wa Noyyal si rangi peke yake, bali chumvi. Rangi zinazotumika sana kwa pamba hazishiki vizuri bila chumvi, na kitambaa cha rangi nzito huweza kuhitaji gramu 50 hadi 100 kwa kila lita. Mkaa hauichukui, na jicho haliioni. Mkulima akiyafungulia mfereji maji hayo, udongo huwa mgumu na mche hunyauka wakati ardhi bado imelowa.

Tiruppur ililazimika kuyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando wa kuchujia, kisha kuyachemsha yaliyobaki ili maji na chumvi virudi kiwandani. Inawezekana, ila umeme wake ni ghali, na mtambo unataka fundi anayeujua.

Fundi huyo lazima atoke mahali, na kwa Tanzania mahali penyewe ni VETA na vyuo vingine vya ufundi. Kozi ya rangi inayomfundisha kijana kuchanganya na kuchovya tu ni nusu kozi. Kifaa cha kupima chumvi kwenye maji hushikwa mkononi, na kukisoma hakuhitaji digrii. Kinawafaa hata akina mama wa batiki, ambao humwaga mabaki ya kostiki soda mtaroni.

Nacho kijiji kitakachoombwa ardhi ya kiwanda cha nguo kidai, kabla ya kugonga muhuri, kipimo cha chumvi ya mto juu na chini ya kiwanda, kila mwezi, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.