Mto Nao Uwekwe Katika Mapatano



Tumezoea kuambiwa kwamba habari za mito ni za wavuvi na wataalamu. Tunasema hapana. Maji tunayooga baada ya zamu, na yale yanayochotwa na watoto wetu, ni ya mto huo huo unaopita nyuma ya kiwanda.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Mto Klamath hutoka Oregon, hupita California na kuingia bahari ya Pasifiki. Ulijengewa mabwawa manne ya umeme, la kwanza likamalizika 1918. Nyuma yake maji yalisimama, yakapata joto, yakaota mwani wenye sumu. Samaki aitwaye samoni, chakula cha wenyeji Wayurok na Wakaruk tangu enzi za mababu, akafungiwa njia. Mwaka 2002, maji yalipopungua na kupata joto, samaki kwa makumi ya maelfu walikufa.

Wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 2004 walisafiri hadi Scotland kuwakabili wenye hisa. Kampuni ilipotakiwa kuwajengea samaki njia ili ipate leseni mpya, iliona ni nafuu kuyaondoa mabwawa. Yalibomolewa 2023 na 2024. Kwanza tope lilichafua mto, lakini Oktoba 2024 samoni walionekana tena juu ya mahali palipokuwa na mabwawa.

Hatusemi mabwawa yetu yabomolewe. Umeme wa Jinja unazungusha mashine tangu 1954, na mashine ndizo mkate wetu. Tunalosema ni kwamba hesabu ya tajiri hubadilika pale watu wanapodai maji nayo yahesabiwe.

Na tuseme ukweli wetu. Mkono unaofungua koki ya maji machafu usiku ni mkono wetu. Anayesuuza bomba la dawa kijitoni shambani ni mwenzetu. Tunaamriwa, tunatii, na asubuhi jirani wa chini anachota.

Kwa hiyo mapatano yajayo na mwajiri yawe na vifungu viwili. Kwanza, maji yatokayo kiwandani na shambani yapimwe, na majibu yabandikwe ubaoni tuyasome. Pili, mfanyakazi anayekataa kumwaga sumu mtoni asifukuzwe kazi.

Mmoja akikataa peke yake, atafukuzwa. Tukikataa wote, itabidi tusikilizwe. Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi lenu.