Makauboi wa Kiitalia na Haki ya Shabiki

Kumekuwapo na mazoea miongoni mwa wasomi ya kuzigawa kazi za sanaa katika mafungu mawili: zinazostahili kuhakikiwa na zinazofaa kuachiwa mashabiki. Filamu za makauboi zilizotengenezwa na Waitalia katika miaka ya 1960 zilitupwa katika fungu la pili. Hata jina la spageti zilizobandikwa lilikuwa la dharau, kana kwamba mla tambi hawezi kusimulia habari za Magharibi ya Marekani ila kwa kuiga vibaya. Hata hivyo, shabiki aliyezipenda aliona fani ambayo mhakiki mwenye kiburi hakuiona.

Deni lililopo halina budi kukiriwa. Filamu ya Sergio Leone, Per un pugno di dollari (1964), ilichukua msuko wa Yojimbo (1961), kazi ya Mjapani Akira Kurosawa: mgeni anaingia katika mji wenye makundi mawili hasimu, anayachonganisha, kisha anayaangamiza. Wajapani walidai haki yao wakalipwa. Shabiki anayelificha jambo hili anaivunjia heshima filamu yenyewe, kwani mwanafunzi yeyote wa mwingilianomatini anafahamu kwamba msuko wa kuazima haumzuii msanii kuunda kitu kipya.

Upya wa Leone umo katika kimya. Katika filamu hizo, zilizopigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Tabernas nchini Uhispania, waigizaji walitoka mataifa mbalimbali, na aghalabu kila mmoja alisema kwa lugha yake. Sauti zilipachikwa baadaye studioni. Mzigo wa usimulizi ukabebwa na macho, upepo na muziki wa Ennio Morricone, pamoja na mluzi, kengele na mlio wa mjeledi. Mwanzoni mwa C'era una volta il West (1968), wauaji watatu wanangoja garimoshi. Kinu cha upepo kinakwaruza, tone la maji linaangukia kofia, nzi anatambaa usoni. Dakika zinapita bila mazungumzo ya maana, nayo taharuki inapanda. Muziki wa filamu hiyo ulitungwa kabla ya kupigwa picha, na waigizaji wakatembea kwa kuufuata. Anayesoma fasihi simulizi hapaswi kulistaajabia hili: fanani hodari hujua kunyamaza, na hadhira hujua kwamba kunyamaza huko ni sehemu ya ngano.

Sergio Corbucci alifika mbali zaidi, ingawa mashabiki wengi humtaja baada ya Leone. Shujaa wa Il grande silenzio (1968) ni bubu. Anapigana thelujini na watu wanaoua wahalifu kwa malipo, huku sheria ikiwa upande wao. Mwishoni shujaa anauawa na waovu wanaondoka na faida yao. Katika utanzu uliozoeza watazamaji ushindi wa haki, mwisho huo ulikuwa hoja nzito kuliko hotuba.

Zipo kasoro ambazo mapenzi ya shabiki hayazifuti. Wanawake katika filamu nyingi za aina hii ni wachache, na mara nyingi hutokea ili wadhulumiwe. Mmeksiko naye huchorwa kama jambazi mwenye kelele, akiigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi. Uhakiki wa kweli unazitaja kasoro hizi bila kuifunga filamu yote kwa sababu yazo.

Tazama basi kilichotendeka mkoani Burgos, Uhispania. Kwa ajili ya pambano la mwisho la Il buono, il brutto, il cattivo (1966), askari wa nchi hiyo walijenga makaburi ya bandia zaidi ya 5,000 yakizunguka uwanja wa mawe. Filamu ilipokwisha, mahali hapo paliachwa, udongo na nyasi vikapafunika kwa karibu nusu karne. Hakuna chuo wala serikali iliyotangulia kupafukua. Kuanzia mwaka 2015 wapenzi wa filamu hiyo, wengine kutoka nje ya Uhispania, walikwenda na majembe siku zao za mapumziko, wakachimba hadi mawe yale yalipoonekana tena, wakasimamisha misalaba, na juu yake wakaandika majina ya mashabiki waliochangia kazi hiyo.