Meza ya Wakubwa Haigawi Uhuru

Ndugu wananchi wa Mbeya na Iringa, wako watu, tena wengine wasomi, wanaosema kwamba uhuru wa 1961 tulipewa na Mwingereza kwa hisani yake. Husema pia kwamba taifa dogo halina budi kujibanza nyuma ya taifa kubwa ili liishi salama. Maneno haya ni sumu, na dawa yake haiko mbali. Iko Ifunda, katika njia ya Iringa kwenda Mbeya, na iko Kidugala, upande wa Njombe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliweka mahali hapo pawili kambi za wakimbizi kutoka Polandi, wengi wao wanawake na watoto. Kambi kubwa kuliko zote nchini ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Mwafrika aliyezoea kumwona mzungu kuwa bwana shauri au bwana shamba sasa alimwona mzungu asiye na cheo wala nchi.

Nchi hiyo ilipotelea wapi? Warusi, Waprusia na Waaustria waligawana Polandi katika 1772, 1793 na 1795, hata jina lake likafutika katika ramani kwa miaka 123. Wapolandi waliasi 1830, wakaasi tena 1863, wakapigwa. Sisi tuliogawanywa baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 tunaijua hadithi hiyo.

Tarehe 28 Juni 1919 wakubwa walitia sahihi mkataba wa Versailles. Soma karatasi hiyo, ndugu. Kifungu cha 87 kilikubali uhuru wa Polandi. Kifungu cha 119 kilimnyang'anya Mjerumani makoloni yake, na Tanganyika ikaishia mikononi mwa Mwingereza. Kifungu cha 246 kilitaka fuvu la Mkwawa litolewe katika muda wa miezi sita, likabidhiwe kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Basi kwa mkataba ule ule Mpolandi alipata nchi, na Mhehe akaahidiwa fuvu, nalo likabidhiwe kwa mtawala wake! Fuvu lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954, miaka 35 baadaye.

Lakini tusimwonee Mpolandi wivu. Je, karatasi ilimlinda? Tarehe 1 Septemba 1939 Hitler aliingia kutoka magharibi. Tarehe 17 Stalin aliingia kutoka mashariki. Uingereza na Ufaransa, zilizoahidi msaada, zilitangaza vita, na Polandi ikamezwa hivyo hivyo. Stalin alihamisha watu kwa malaki, akawapeleka Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeukia mwenyewe katika 1941, ndipo akawafungulia wengi. Katika 1942 maelfu walitoka kupitia Iran. Wanaume wakaingia jeshini, na wanawake na watoto wengi wakaletwa Afrika.

Mwezi Mei 1944 askari wa Kipolandi walimwaga damu Monte Cassino, Italia, wakiwa upande wa Mwingereza. Malipo yao yalikuwa nini? Mwezi Februari 1945 Churchill, Roosevelt na Stalin walikutana Yalta. Mpolandi hakuwa na kiti. Sehemu ya mashariki, kwao hasa wengi wa wakimbizi hawa, ilikatwa ikapewa Urusi. Mwezi Julai Mwingereza akaacha kuitambua serikali ya Polandi iliyokuwa London. Mama aliyekaa kimya Kidugala alinyang'anywa kwao kwa kalamu ya rafiki. Kambi zilipofungwa, wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia.

Na vijana wetu wa K.A.R. waliopigana Burma? Churchill alikwisha sema Septemba 1941 kwamba ahadi ya Atlantiki ya watu kujichagulia serikali ililenga kwanza mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Hitler. Mpolandi alidanganywa. Sisi tuliambiwa wazi kwamba hatumo.

Uhuru wetu basi ulitoka wapi? Ulitoka kwa watu walionunua kadi za TANU tangu 1954, wakatembea kwa miguu kijiji hata kijiji. Wapolandi nao walijikomboa nyumbani. Wafanyakazi wa meli wa Gdansk waligoma Agosti 1980, na uchaguzi wa Juni 1989 ukauangusha utawala wa Kikomunisti. Hakuna mkubwa aliyewagawia.

Tunasema wazi: habari za Ifunda na Kidugala zifundishwe katika shule zetu pamoja na habari za Kalenga. Makaburi ya wageni wale yatunzwe, maana ni ushahidi. Na kila mkubwa wa leo, awe wa Mashariki au wa Magharibi, akituletea mkataba wa kutulinda, tuulize kwanza: nani ameketi mezani, na kiti chetu kiko wapi? Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Sembuse mtegemea cha mkubwa asiye ndugu!