Kaa Kwanza, Ndiyo Uvute

Mwezi huu nataka tuongee kuhusu kifua, mabega na mikono. Usigeuze ukurasa ukidhani haya ni mambo ya wanaume wa jimu peke yao. Mwisho wa safari utaona yanawahusu hata nyie mnaolala kitanda kimoja huku mmenuniana.

Nyumbani kwetu Dar kuna mpira mkubwa wa mazoezi, ule wa kujazwa upepo. Mume wangu aliununua mwaka jana, mwezi mmoja tu baada ya mkataba wake wa kazi kuisha bila kuongezwa. Kila usiku, watoto wakishalala, anajilaza chali juu ya mpira katikati ya sebule, dambeli mkono huu na mkono huu, anasukuma juu. Mikono inamtetemeka kama jani. Eti kutetemeka huko ndiko kunakojenga misuli! Mimi, kusema kweli, nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni. Mwenzangu anasukuma vyuma, mimi nasukuma ada ya shule na kodi ya nyumba. Moyoni nilishaamua kwamba hajitumi.

Desemba tukaenda kwao Ujiji, Ujiji ya miembe, pale ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Tukala migebuka na ugali wa muhogo mpaka tukasahau habari za jiji. Asubuhi ya tatu mdogo wake, ambaye ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, akatuita ufukweni. "Shemeji, leo panda mtumbwi. Ziwa siyo la kuangalia tu kutoka juu."

Basi bwana, mume wangu na kifua chake akadaka kafi. Akakaa juu kwenye ubao, kama bosi. Alipovuta mara ya kwanza mtumbwi ukalala kushoto, alipovuta mara ya pili ukalala kulia. Mishipa ya shingo imesimama, jasho linatoka, na mtumbwi unazunguka pale pale. Mimi nimeshika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, maana Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, na kuogelea sijui.

Mdogo wake, kijana mwembamba ambaye hajawahi kukanyaga jimu, akacheka kwa adabu. "Kaka, shuka huko juu. Piga magoti, yapanue, uubane mtumbwi. Kaa kwanza, ndiyo uvute." Kaka mtu akashuka. Kafi ni ile ile na mikono ni ile ile, lakini mtumbwi ukateleza kama umetiwa mawese.

Niliporudi Dar nikafanya kile tunachofanya sisi wahariri tukikosa usingizi: nikatafuta. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada, Kenneth Anderson na David Behm, walichapisha jaribio dogo la wanaume 10. Waliwapima wakisukuma kwa kifua wakiwa wamelala kwenye benchi, halafu wakiwa juu ya mpira kama ule wa sebuleni kwangu. Kwenye mpira, nguvu waliyoweza kutoa ilishuka kwa karibu asilimia 60. Lakini vipimo vya umeme wa misuli havikuonyesha tofauti kubwa. Yaani misuli ilikuwa inafanya kazi kama kawaida!

Sasa nguvu ilikwenda wapi? Jibu ndilo lile la mtumbwini. Ukiwa juu ya kitu kinachoyumba, misuli inapewa kazi mbili kwa wakati mmoja: kusukuma, na kukuzuia usianguke. Misuli midogo inayozunguka kiungo cha bega inashikilia mfupa ukae mahali pake, tumbo na kiuno vinajikaza, na hata ile misuli mikubwa ya kifua inageuka kuwa mlinzi badala ya kuwa msukumaji. Jasho linatoka kweli, ila uzito unaousogeza ni mdogo.

Kwa hiyo, wapenzi wa mazoezi, nawaachia haya. Kama unataka nguvu na misuli mikubwa, fanya sehemu kubwa ya mazoezi kwenye benchi imara, miguu chini, ambako unaweza kuongeza uzito kidogo kidogo. Dambeli zenyewe tayari zina kuyumba kwake, kwa sababu kila mkono unajitegemea, ndiyo maana huwezi kubeba nazo kilo zile zile unazobeba kwa chuma kirefu. Mpira nao una kazi yake. Pushapu za mikono juu ya mpira zinaifanyisha misuli ya nyuma ya mkono kazi zaidi, na zinalifundisha bega kutulia. Ila anza na uzito wa mwili wako, au dambeli nyepesi sana. Kulala juu ya mpira ukiwa na vyuma vizito usoni ni kutafuta balaa, maana mpira unaweza kuteleza au kupasuka. Na kama bega linauma, muone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia. Usimuulize rafiki yako wa jimu.

Na wale wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha huku chombo kinacheza? Hawakuanza jana. Wamezaliwa na kuyumba, miguu yao inajua pa kukaa kabla mikono haijashika kamba.

Sasa turudi sebuleni kwangu. Nilisoma ile asilimia 60 mara tatu, halafu nikamwangalia mume wangu aliyekuwa amelala usingizi. Mwaka mzima nilikuwa nampima kwa kile kinachoonekana: hela ngapi ameleta, barua ngapi za maombi zimejibiwa. Sikuwahi kujiuliza ni nguvu kiasi gani anatumia ili tu asianguke. Kuamka asubuhi bila pa kwenda, kuwapeleka watoto shule huku anatabasamu, kuulizwa na marafiki "siku hizi uko wapi?" Hiyo yote ni misuli inayofanya kazi bila kuonekana. Na mimi, badala ya kuwa benchi, nilikuwa mpira. Kila alipojaribu kusukuma, nilimyumbisha kwa neno.

Asubuhi nikamwambia. Siyo hotuba ndefu, nilisema tu, "Baba, nisamehe, nilidhani hujitumi." Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniomba chai. Ukiolewa na mtu wa Ujiji utaelewa kwamba hilo lilikuwa jibu. Jumamosi ile tulikaa na daftari, tukapanga tutaishije miezi 6 kwa mshahara mmoja bila kulaumiana. Kazi bado hajapata, lakini tangu hapo ameshaandika mpango wa biashara ya dagaa na mdogo wake, na anaongea kwa sauti yake ya zamani.

Mpira bado upo. Watoto ndio wanaokalia wakiangalia katuni.

Na wewe, kabla hujamwambia mwenzio avute zaidi, hebu angalia kwanza amekaa wapi. Tukutane mwezi ujao.