ALIYETUBU ASAIDIWE, ASICHEKWE



 

Siku moja baada ya darsa ya Alasiri niliwasikia vijana wetu wakimcheka Mzee Yusuf, mwimbaji wa taarab kutoka Zanzibar. Mmoja alisema, "Toba yake ilikuwa ya msimu." Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Mzee Yusuf hakuwa mwimbaji mdogo. Aliongoza kundi la Jahazi Modern Taarab, na mashabiki walimwita Mfalme. Tena alitoka katika nyumba ya waimbaji: dada yake, Khadija Yusuf, ni mwimbaji, mkewe, Leyla Rashid, naye ni mwimbaji. Nyimbo zake zilifika mpaka huku kwetu, zikapigwa harusini na ndani ya mabasi. Mwaka 2016 alitangaza kuacha taarab. Akashika njia ya msikiti, akawa mtoa mawaidha, akiwafundisha wale wale waliokuwa wakimshangilia. Waislamu wengi tulipiga takbira. Mwaka 2020 akarudi jukwaani.

Sababu zake anazijua yeye na Mola wake. Sisi tujiulize yanayotuhusu.

Kwanza, Surat Al-Hujurat inatukataza kudharauliana na kusengenyana. Anayemcheka aliyeteleza ana hakika gani na mwisho wake mwenyewe? Kuna kijana anamcheka mwimbaji, na Swala ya Alfajiri inampita kitandani.

Pili, mtu akiacha kazi aliyoizoea, huacha na riziki yake, marafiki zake, na pengine ndugu zake. Sisi tunampa takbira siku ya kwanza, tunampa kipaza sauti siku ya pili, na siku ya tatu hatujui kama watoto wake wamekula. Hapa kwetu pia wapo walioacha kuuza pombe au kupiga muziki. Ni nani kati yetu aliyemtafutia mmoja wao mtaji, shamba la mpunga au kibarua cha halali? Zaka na sadaka zina kazi gani, kama si hiyo?

Tatu, aliyetubu jana asifanywe mwalimu wa umma leo. Mwacheni kwanza akae mkekani, asome, azoee. Fudhayl bin Iyadh alikuwa mnyang'anyi wa njiani kabla ya kuwa mwanachuoni mkubwa, lakini kati ya hayo mawili kulikuwa na miaka ya kutafuta elimu.

Wanafunzi, mlango wa toba hauna kufuli. Aliyetoka anaweza kuingia tena, na akija asikute mmeuziba kwa vicheko vyenu. Muombeeni dua, kisha jiombeeni wenyewe istiqama.