Siku Moja Nakuru: Urithi Uliofungiwa Majumbani

Kuna maneno tuliyoyazoea sisi watu wa pwani, nayo ni kwamba utamaduni huishia Mariakani. Kupita hapo, kwa madai yetu, ni mashamba, ng'ombe na baridi. Husemwa barazani kwa kicheko, kikombe cha kahawa mkononi, na aghlabu msemaji mwenyewe hajafika huko anakokusema. Juzi nilikuwa na shughuli Nairobi. Ilipokwisha nikapanda matatu alfajiri hadi Nakuru, mwendo wa kilomita 160 hivi, nikashinda huko kutwa. Sikwenda kuwatazama heroe wa ziwani. Nilikwenda kujua watu wanakula nini, wanapiga ngoma gani, na wamerithi nini.

Nilianzia Hyrax Hill, kilima cha mawe kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba hapo kuanzia 1937, na mwaka 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya kuhifadhiwa. Yalikutwa makaburi ya kale, na vyombo vya mawe vimezikwa pamoja na wanawake. Lakini kilichonisimamisha ni mabao. Naam, mabao ya kuchezea, mashimo yake yamechongwa safu kwa safu katika mwamba wenyewe! Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa ni kitu gani.

Wala wazee wetu hawakuwa wageni wa bonde hili. Karne ya 19 misafara ya Mombasa na Pangani ilipita huku ikienda Baringo kutafuta pembe, na nafaka yake ya njiani ikinunua kwa Wanjemps. Jumbe Kimemeta, tajiri wa Pangani, alikuwa akiijua njia hiyo kabla Mzungu Thomson hajaipita mwaka 1883. Jina la Nakuru lenyewe ni la Wamaasai, ambao mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa katika bonde hili na kuwapeleka Laikipia ili walowezi wapate mashamba.

Baada ya adhuhuri nikatafuta chakula. Mkahawa wa kwanza ulikuwa na pilau, chapati, chipsi na kuku. Wa pili vivyo hivyo. Nilipouliza mursik, kijana wa mezani akacheka: "Hiyo ni ya nyumbani, mzee." Basi mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, akanipeleka kwa jirani yake Mkipsigis. Mama wa nyumba akanionyesha kibuyu. Kwanza huchomwa kijiti cha mti uitwao senetwet, kaa lake likasuguliwa ndani ya kibuyu; kisha humiminwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kibuyu kikafunikwa, kikaachwa siku kadhaa. Hutoka mtindi wa rangi ya kijivujivu, mkali, wenye harufu ya moshi. Kwa anayeuliza habari ya halali, ni maziwa yaliyoganda, hayalevyi. Mimi nilimaliza bilauri mbili.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ua tu, ni ya Wakikuyu. Huko tulikuta mukimo: viazi, mahindi na majani ya maboga, vimepondwa pamoja hata vikawa kijani. Nikamwuliza mama yule kama amewahi kuonja mursik ya jirani. Akasema wanaishi pale miaka mingi, lakini hapana.

Jawabu lile lilinitia simanzi. Mwaka 1992, na tena mapema 2008 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa Nakuru waliuana na kuchomeana nyumba kwa sababu ya makabila. Sisemi kwamba sahani ya mukimo ingezuia panga. Nasema kwamba watu wanaopakana kwa ua, na kila mmoja chakula chake hakivuki mlango, ni rahisi mchochezi kuwaambia kwamba jirani ni mgeni.

Na ngoma je? Jioni tulimkuta mzee mpiga kodiani wa mwomboko, mchezo wa Wakikuyu wa enzi ya ukoloni, hatua mbili na kuinama. Pembeni mwenzake anagonga pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Kodiani hiyo ndiyo tuliyonayo katika taarab ya Unguja, na ndiyo waliyonayo Wakajuni wa Louisiana, Marekani, pamoja na pembetatu yao ya chuma. Hao ni uzao wa Wafaransa ambao Waingereza waliwafukuza Acadia kuanzia 1755. Lugha yao ilipigwa marufuku shuleni mwaka 1921; mwaka 1968 jimbo likaunda baraza la kuitetea. Leo wageni huenda kwao kusikiliza kodiani na kula gumbo, mchuzi ambao jina lake linatokana na neno la Kibantu la bamia. Waliacha kuuficha urithi wao.

Upande wa Wakipsigis, Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet mwaka 1950 wimbo wa wasichana na zeze la chepkong, wakimwimba "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na ikapita miaka zaidi ya 60 ndipo nakala zikarudishwa kwa wenyewe.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na serikali ya kaunti ina maafisa wa utamaduni. Kwa nini kisiwekwe pale chini ya Hyrax Hill kibanda kimoja tu, siku moja kwa mwezi, mursik na mukimo meza moja, chepkong na kodiani kivuli kimoja? Gharama yake ni turubai na mabenchi.

Nilimwambia mzee wa kodiani wazo hilo. Akasema angekuja, ila viriba vya kodiani yake vinavuja hewa, na fundi aliyekuwa akivitengeneza alikufa. Nikamwuliza nani anajifunza kwake. Akanitajia watu wawili, wote wamepita miaka 50.